Kwa Haika, Kuhusu Ukuta wa Jikoni

Mwanangu Haika,

Kwa masikitiko makubwa, Bwana Evarist wa Kilema anatangaza kuvunjika kwa kikombe chake cha chai chenye picha ya jogoo, kulikotokea leo saa mbili asubuhi nyumbani kwa dada yake Apolonia. Marehemu ameacha sahani mbili, bilauri moja na birika lisilo na mfuniko. Mazishi yamefanyika papo hapo chini ya mgomba, bila ibada wala pilau. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, hasa kile kijiko kikubwa ambacho jirani alikiazima Pasaka na mpaka leo hakijarudi.

Shangazi yako hakucheka. Alitazama vipande, akatazama mikono yangu, akasema, "Evarist, bado tu?"

"Bado, dada."

"Siku kumi na sita!"

"Hata mimi nazihesabu."

Bado, mwanangu. Tangu jiko letu lianguke mikono hii haijatulia. Upepo ukigonga mlango, nasimama. Juzi lori lilimwaga mchanga kule barabarani, nikatoka mbio hadi nje nikiwa na kiatu kimoja, nikakuta wazee wanapita zao kanisani. Badala ya kuwaamkia nikawaambia "marahaba". Wamenisamehe, lakini najua wananisema.

Mama yako amekwisha kukuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma: mashuka, ndala, dawa ya tumbo, na namna ya kushika mkoba kwenye basi. Siingilii himaya yake, namwogopa. Mimi nakuandikia kuhusu nyumba, kwa sababu juzi ulipokuwa unafunga sanduku ulisema jambo lililonishtua karibu sawa na ule ukuta. Ulisema bila kunitazama: "Baba, nikifika Mbeya nitaomba wanihamishie kozi ya uhasibu. Mtu aliyeangusha jiko la bibi yake atafute nini kwenye ujenzi?"

Nikasema, "Mh."

Hiyo ndiyo hotuba niliyoitoa. Wewe uliyekuwa ukipima vyumba kwa hatua hata kabla hujajua kufunga kamba za viatu, unaniambia unaacha nyumba, na mimi nasema "Mh", halafu natoka kwenda kumkatia ng'ombe majani ambayo tayari yalikuwa yamekatwa.

Basi ngoja nikusimulie habari ya nyumba yetu. Umeisikia mara nyingi, lakini umeisikia kwangu, na mimi huwa natia chumvi. Leo sitii.

Babu yangu Kilawe hakuzaliwa fundi. Alikuwa kijana wa kubeba mawe misheni, wakati kanisa likijengwa, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuuliza uliza, mafundi walimchoka wakampa nyundo ili anyamaze. Akajifunza kusikiliza jiwe: ukiligonga likalia kama kengele ni zima, likikujibu kama kibuyu liache hapo hapo. Alirudi nyumbani na nyundo, timazi na majivuno. Enzi hizo kila mtu kwenye kilima hiki alilala katika msonge, nyumba ya nyasi iliyoshuka hadi chini kama mtu aliyejifunika blanketi, watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Babu akatangaza kwamba yeye atajenga nyumba ya mawe meusi ya mlima, yenye kona na baraza, na dari ya mbao za loliondo ya kuwekea kahawa.

Mkewe, Bibi Manka, alikuja kuuona msingi akiwa na mzigo wa majani kichwani. Hakuutua.

"Kona nne? Za nini?"

"Ndiyo nyumba za sasa hizi."

"Kona ni mahali pa panya na pa kufichia ugomvi," akasema. "Lala humo wewe."

Na kweli akalala humo yeye, peke yake, msimu mzima wa mvua, katika nyumba bora kuliko zote kijijini, akila ndizi zilizopoa. Asubuhi alikaa barazani kwake akitazama moshi ukipanda kutoka msonge wa mkewe, na majirani walipita wakimsalimia kwa heshima kubwa kuliko kawaida. Mwishowe alifanya jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu hatulifanyi kirahisi. Alikubali kwamba amekosea, tena aliandika kwa mawe. Nyuma ya nyumba yake ya kona nne akajenga chumba cha mviringo, akakiunganisha kwa mlango mfupi wa kuinama, akampa mkewe awashe moto wake humo na kumfunga ng'ombe wake humo. Ndiyo maana ukiitazama nyumba yetu kutoka barabarani ni kama ofisi ya serikali, na ukiitazama kutoka migombani ni kama chungu. Sijaona nyingine kama hiyo mlima mzima. Wala sitaiona tena, kwa vile mambo yalivyo sasa.

Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza kwa nini ukuta wa jikoni ni mnene karibu kama upana wa kitanda chako. Nikakujibu ni kwa ajili ya kuzuia simba. Samahani. Ukweli ni kwamba ukuta ule ni kuta mbili zilizosimama pamoja, mmoja nje na mmoja ndani, na katikati pamejazwa kokoto na udongo. Kuta mbili za namna hiyo zina tabia za mke na mume: zisiposhikana, kila mmoja huanza kuegemea kwao. Nyumba ya mbele inashikwa na kona zake. Chumba cha mviringo hakina kona. Kwa hiyo Babu alitafuta mawe marefu, akayalaza yapite kutoka ukuta wa nje hadi wa ndani, yaushike huu na huu. Kwa ndani yalichomoza kiasi cha shubiri, na Bibi Manka akatundika vibuyu vyake vya maziwa, akiamini amewekewa yeye. Babu hakumsahihisha.

Na udongo ule, Haika, ndio uliokuwa hekima yake. Mvua ikipiga, ukuta unalowa. Jua likitoka, unakauka. Chini aliacha matundu madogo ya hewa. Watu wamezaliwa humo, wameolewa, wamezeeka, na jiko limesimama.

Mimi nilirithi nyumba hii kwa sifa moja tu: kuchelewa kuzaliwa. Unajua desturi yetu. Wakubwa hupewa sehemu nyingine wakaanze upya, na mziwanda hubaki na nyumba ya baba na wazee waliomo. Baba yako mkubwa Severin alikwenda kuanza upya Dar es Salaam, na ameanza vizuri. Mimi nikabaki. Watu walisema "Evarist ndiye mwenye nyumba", nikavimba, kana kwamba nimeshinda mtihani.

Mtihani wenyewe niliwahi kuufanya. Hili hulijui, na mama yako analijua nusu. Nilipokuwa na umri wako nilikwenda kusomea uashi. Hujawahi kusikia kwa sababu nilidumu majuma matano. Tulijengeshwa kila mtu ukuta wake wa matofali, wa kufika kifuani. Mwalimu akapita akikagua. Wangu aliuwekea kiganja tu, kama mtu anayemsogeza mbuzi, ukaenda chini wote. Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka nao, maana ni mtu wa watu, halafu nikafunga sanduku. Nyumbani nikasema nina malaria. Mama yangu alinichemshia majani machungu wiki nzima, nami nikayanywa yote, mzima kama ng'ombe. Malaria ile haijapona mpaka leo. Nikiona mafundi wanajenga mahali lazima nisimame kando nitoe maoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza maoni hayo nayatoa wapi.

Kwa hiyo najua jinsi mtu anavyoacha kitu anachokipenda kwa sababu ya ukuta ulioanguka.

Sasa ile Krismasi ya mwaka juzi. Desemba kwetu unaijua, mlima wote unarudi nyumbani, magari yanapanda kutoka Himo kama siafu, na aliyebaki huku ndiye anayekaguliwa. Severin akapiga simu.

"Mdogo wangu, nakuja na wageni wa kazini. Naleta na friji kubwa la vinywaji. Jiko likoje?"

"Jiko liko vizuri, kaka."

"Vizuri vya kwetu au vizuri vya watu?"

Neno hilo moja, mwanangu. Nilikata simu nikaingia jikoni, na kwa mara ya kwanza nikaliona kwa macho ya wageni wa Severin: jeusi, lina moshi, mawe yametoka meno. Wiki iliyofuata nikaleta saruji. Nikaupiga ukuta plasta ndani na nje, juu yake rangi ya krimu, na matundu ya chini nikayaziba nikisema ni njia za panya. Ulipokuja likizo ukapitisha kiganja ukutani ukasema, "Baba, umeuvalisha ukuta koti la mvua. Jasho litatokea wapi?" Nikakujibu kwamba kidato cha tano hakijafika kwenye majasho. Wageni walisifu. Severin alilipiga jiko picha. Nilitembea kifua mbele hadi katikati ya Januari.

Wiki tatu zilizopita ukachukua patasi na nyundo, ukabandua plasta ya nje, sehemu ya chini, upana wa mlango. Ukaniita. "Baba, njoo ushike." Nikatia kidole. Udongo wa ndani ulikuwa laini kama uji wa mtoto.

"Maji yanaingilia juu, hayana pa kutokea," ukasema. "Tubandue yote kabla mvua haijakolea. Na tuuegemeze kwa magogo."

"Acha kwanza," nikasema. "Tutaangalia."

Siku tano baadaye ukuta ulianguka. Ilikuwa saa nne asubuhi, mimi niko barazani nanoa panga. Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayepasua muwa. Halafu kimya. Nilipata hata nafasi ya kujiuliza ni nani anakula muwa saa hizi. Halafu kishindo kikaja, kama lori linamwaga mawe ndani ya nyumba yetu, na baraza likaruka chini ya miguu yangu. Vumbi likatoka kwa mlango mfupi, likapita sebuleni, likanipita mimi, likatokomea kwenye mvua kama mgeni aliyeondoka bila kuaga. Nilipofika, pale palipokuwa na rafu ya sahani palikuwa na migomba. Migomba, Haika. Nilisimama nikiishangaa kama mtu ambaye hajawahi kuona mgomba. Friji la Severin lilikuwa limelala chali, limebanwa likawa kama bahasha.

Wewe ulitokea bombani unakimbia, ndoo bado mkononi, maji yote yamemwagikia miguuni. Ukapiga ukelele wa neno moja:

"Bibi!"

Maana kila siku saa hizo mama yangu hukaa hapo kwenye kigoda chake, akimenya maharage.

Tulichimba kwa mikono. Sikumbuki maumivu, nakumbuka kucha zako zikitoka damu na mimi nikikuambia pole, pole, kana kwamba umejikwaa. Tukafika kwenye kigoda. Kilikuwa vipande. Nikaendelea kuchimba chini yake, sijui natafuta nini, nikisema "mama, mama", mtu mzima mwenye mvi. Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, kwenye mibuni.

"Mnatafuta nini humo?"

Alikuwa amekwenda kwa jirani kumwona mtoto mchanga. Alikuwa bado ameshika jani la mgomba kichwani kujikinga mvua. Akakitazama kigoda. Akatazama mawe. "Mae!" akasema taratibu. "Kumbe saa nne nilikuwa nimeshakufa." Halafu akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, na hakuna aliyeweza kumwinua kwa muda mrefu.

Hapo ndipo mikono yangu ilipoanza.

Mpaka jana shangazi yako na ukoo mzima walijua sababu: mtoto alichokonoa ukuta kwa nyundo. Wewe mwenyewe unaamini hivyo, na kesho saa kumi na mbili asubuhi utapanda basi ukiwa na imani hiyo. Sasa nikuambie kilichotokea.

Friji la Severin halikuenea. Alinitajia vipimo vyake kwa simu, nikapima ukutani kwa kamba kabla hajafika, nikaona yale mawe marefu yatalizuia kukaa ukutani. Fundi Ludovick, aliyekuwa ananisaidia plasta, aliniona natazama, akaniambia, "Evarist, hayo usiyaguse. Babu yako hakuyaweka kwa ajili ya vibuyu." Nikamwambia sawa. Akaenda kwake kula. Mimi nikachukua mtaimbo. Upande ule yalikuwa saba, nikang'oa manne. Yalitoka kwa shida kama meno ya mtu mzima, na la mwisho lilipotoka, vumbi jembamba lilipumua kutoka kwenye tundu lake. Nikaziba kwa kokoto na saruji kabla Ludovick hajarudi. Ndiyo yale mawe manne yaliyolala kwenye njia ya bombani. Uliwahi kuniuliza yametoka wapi, nikasema korongoni. Siku ile uliyakanyaga ukikimbia kuja kumchimbua bibi yako.

Mwezi wa nane, kabla hata hujafikiria kushika patasi, niliona ukuta umetoa tumbo nyuma ya friji. Niliweka kiganja nikajua, maana kiganja changu kinaujua ukuta unaotaka kwenda. Nikatundika kalenda ya parokia juu yake. Na kila asubuhi mama yangu mzazi alikaa hatua mbili kutoka kwenye kalenda ile, nami nikapita nikamwambia, "Shikamoo mama," nikaendelea na safari zangu. Nilikuwa nangoja nini, sijui. Nadhani nilikuwa nangoja Krismasi ipite tena.

Siku mbili baada ya kuanguka, wewe ukiwa umekwenda Moshi mjini kuchukua cheti, Ludovick alikuja. Alizunguka kifusi mara moja tu.

"Mawe marefu yako wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Na hapa chini nani alibandua?"

"Haika."

"Basi huyo mtoto ndiye pekee aliyeuona ugonjwa. Mngemwacha amalize na muweke magogo, jiko lingesimama. Mwambie."

Nikasema nitamwambia. Siku kumi na nne hizo.

Leo asubuhi, nikiwa bado nimeinama naokota vipande vya kikombe, nilimwambia Apolonia yote. Aliniita jina la mnyama ambalo siliandiki. Severin kwenye simu akauliza, "Kwa ajili ya friji?" Nikasema, "Kwa ajili ya friji, kaka." Bibi yako nilimpigia magoti. Akasema, "Inuka. Mwambie mtoto kabla hajapanda basi. Mimi utaniomba msamaha baadaye, mimi siendi popote."

Kukuambia kwa mdomo nimejaribu mara tatu leo, na mara zote nimeishia kukuuliza kama umeshakula. Kwa hiyo barua hii sitaificha kwenye sanduku. Nitakupa mkononi, na nitasimama hapo hapo ukiisoma. Ukitaka uhasibu kwa sababu unaupenda uhasibu, nitauza maziwa usome uhasibu. Lakini usiende kuukimbia ukuta ambao hukuuangusha. Mmoja katika familia hii ameshafanya hivyo, na unaona jinsi alivyotokea.

Limebaki moja, ambalo kwangu ni zito kuliko mawe yote yale. Ni la jioni ile. Tumekaa sebuleni, vumbi liko mpaka kwenye nyusi, shangazi yako ameleta sufuria ya mtori wa ndizi zilizopondwa ili tupate nguvu. Akauliza nani aliugusa ukuta. Wewe ukasema, "Mimi, shangazi. Nilibandua plasta."

"Kwa nyundo yako hiyo! Ungemuua bibi yako!"

Ulinigeukia mimi. Ulinitazama kwa muda, ukingoja niseme neno. Nami nikainua kidole, kukuonyesha kwamba nina chakula mdomoni, nikaendelea kutafuna, nikatafuna, nikatafuna, mpaka ukainamisha kichwa.

Ulikuwa mtori, Haika. Mtori hautafunwi.

Baba yako,
Evarist